Gari nimenunua mkononi wiki tatu zilizopita: asubuhi linawaka bila shida, likishatembea linagoma. Nianzie wapi?

#1 NjiaPanda
Wakuu, habari. Kuuliza si ujinga, naomba mnisaidie.

Nina wiki tatu na gari nililonunua mkononi kwa mtu. Ni la petroli, injini ya cc 1,500, otomatiki, la mwaka 2008, dashibodi inasoma kilometa 146,000. Siku ninalikagua lilikuwa linawaka kwa kugusa tu ufunguo, na siku kumi za mwanzo halikunisumbua hata mara moja.

Jumamosi moja nikalizima, nikakaa kama nusu saa. Narudi, nageuza ufunguo: taa za dashibodi zote zinawaka, redio inaimba, nasikia "tak" moja chini ya boneti, kisha kimya. Nikarudia mara nane au tisa, ni tak tu. Nikaliacha. Baada ya saa nzima likawaka kana kwamba halijawahi kuumwa. Tangu siku hiyo limenifanyia hivyo mara tano. Asubuhi halina neno, shida ni likishatembea.

Kinachonichanganya zaidi: katika hizo mara tano, mbili halikusema tak. Stata, yaani mota ya kuwashia, ilizunguka kwa nguvu zake zote, injini inazungushwa vizuri kabisa, lakini haishiki.

Fundi wa kwanza kasema betri, nikanunua mpya. Wa pili anasema stata. Wa tatu anataka kushusha tangi abadilishe pampu ya mafuta. Aliyeniuzia hapokei simu zangu tena. Sina uwezo wa kubadilisha gari zima kipande kimoja kimoja. Nianzie wapi?

#2 Temino_Safi
Pole, mkuu. Usinunue kitu kingine chochote kabla hujaangalia vichwa vya betri. Vishike kwa mkono uvizungushe. Vikicheza hata kidogo, umeupata ugonjwa. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua, osha kwa maji ya moto na magadi, kausha, kwangua kwa brashi ya waya mpaka uone madini ya risasi yanang'aa, kisha kaza. Usiishie hapo. Fuata waya mweusi mnene mpaka unapofungwa kwenye bodi, halafu tafuta mwingine unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye injini. Huo ndio watu wanausahau.

Kuna mtu kabadilisha betri mbili na stata moja, mwisho wake ilikuwa ni nati ya namba 10 iliyolegea. Mtu huyo ni mimi, ndiyo maana nasisitiza.

#3 Kobe_Barabarani
Naweka kambi hapa. Langu lina dalili karibu hizo hizo.

#4 Mgeni_wa_Spana
Hiyo pampu ya mafuta moja kwa moja. Likipata joto inakata. Fundi wa tatu yuko sahihi, msikilize.

#5 MzeeBoneti
Nawasalimu vijana.

Tusikimbilie kutaja vipuri. Mleta uzi ameleta magonjwa mawili akayaweka kwenye chungu kimoja, tuyatenganishe kwanza.

Ugonjwa wa kwanza: stata haizungushi injini. Hapo mafuta na plagi hazihusiki kabisa, maana hata tangi likiwa tupu stata inazungusha. Watuhumiwa ni betri, nyaya nene, stata yenyewe, rilei yake (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), swichi ya ufunguo, swichi ya gia.

Ugonjwa wa pili: stata inazungusha, injini haishiki. Hapo betri na stata zimeshafanya kazi yake. Sasa unatafuta kimoja kati ya vitatu: mafuta hayafiki, cheche haitoki, au kompyuta ya gari imekataa.

Yawezekana ni magonjwa mawili kweli, gari la umri huo si ajabu. Yawezekana pia ni mzizi mmoja unaotoa matawi mawili. Kijana, tafuta mita ya umeme, hata ile ndogo ya kawaida, utuletee namba tatu: volti za betri asubuhi kabla hujawasha, volti wakati stata inazungusha, na volti injini ikiwa inaunguruma. Halafu siku likigoma kwa tak, mtu ageuze ufunguo wewe ukiwa umeshikilia mita juu ya betri. Hiyo namba ya nne ndiyo ninayoitaka kuliko zote.

#6 NjiaPanda
Shikamoo mzee, asante. Mita nitaazima leo. @Temino_Safi vichwa vya betri havichezi, vilikazwa wakati wa kufunga mpya. Huo waya wa injini sijauona bado.

#7 Swala_Mwekundu
Betri ya volti 12 ikisoma 12 iko sawa, isikusumbue. Na ukitaka kujua kama alteneta, ile inayochaji betri, ni nzima, washa gari kisha chomoa temino moja, yaani kichwa cha betri, likiwa linaunguruma. Likizima, alteneta imekufa.

#8 DadaFyuzi
@Swala_Mwekundu hapana kaka, hayo yote mawili ni hatari, na kuna watu wanasoma hapa watayafuata.

Betri ya risasi ina vyumba sita, kila chumba kikijaa ni kama volti 2.1. Ukijumlisha unapata 12.6. Hiyo ndiyo betri iliyojaa na kupumzika. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na ikifika 12.0 imekaribia kwisha. Jina "volti 12" ni la biashara, lisikudanganye.

Na kuchomoa temino injini ikiunguruma ni mtindo wa magari ya zamani sana. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiitoa ghafla, umeme unaruka juu kwa kufumba na kufumbua, na kompyuta ya gari inaweza kufa hapo hapo. Alteneta inapimwa kwa mita: injini ikiwaka usome kama 13.8 mpaka 14.5. Basi.

#9 Swala_Mwekundu
Nimekuelewa dada, asante. Hiyo ya kuchomoa temino nimeifanya miaka mingi, nilifundishwa hivyo.

#10 NjiaPanda
Wakuu nimerudi na namba.

Asubuhi kabla ya kuwasha: 12.6
Stata ikizungusha: imeshuka mpaka 10.5
Injini ikiwaka: 14.2

Na jana jioni likagoma kwa tak. Mdogo wangu akageuza ufunguo mara nne, mita ilikuwa juu ya betri. Imetoka 12.5 ikaenda 12.4, haikushuka zaidi. Hiyo ni nzuri au mbaya?

#11 MzeeBoneti
Ni nzuri kwa betri, na imetueleza mengi.

Stata inayofanya kazi inakula umeme mwingi, ndiyo maana asubuhi umeona 10.5. Betri dhaifu ingeshuka chini ya 9.6 au hapo karibu, na ungesikia mlio wa haraka haraka, tak-tak-tak-tak kama bunduki. Wewe umepata tak moja na betri haikutikisika. Maana yake mkondo mkubwa haukupita kabisa. Kuna mahali njia imekatika kati ya betri na moyo wa stata. Fundi wa kwanza alikosea, na alteneta pia ni nzima.

Sasa sikiliza hiyo tak inatokea wapi. Ikiwa nyembamba, kama kubonyeza kalamu, tena kwenye sanduku la fyuzi, hiyo ni rilei. Ikiwa nzito, ya chuma kugonga chuma, tena chini kwenye injini, hiyo ni solenoidi ya stata, swichi kubwa ya sumaku inayoipa umeme.

#12 Jembe_Kazi
Kama ni nzito basi uzi ufungwe, ni zile kopa za ndani ya solenoidi. Nimezifungua nyingi. Humo ndani kuna vipande viwili vya shaba, umbo kama herufi L, na sahani inayosukumwa ivigonge vyote viwili kwa pamoja ili mkondo upite. Kila unapowasha, cheche inakula shaba kidogo. Miaka inapita, kipande kimoja kinabaki chembamba kama kucha, kingine bado kinene. Sahani inagonga kimoja, haikifikii cha pili. Unasikia tak, mkondo haupiti. Ukijaribu mara kumi, mara ya kumi na moja inagusa pembeni, gari linawaka.

Si lazima stata mpya. Kwenye stata nyingi hivyo vipande vinauzwa peke yake.

#13 Kobe_Barabarani
@Jembe_Kazi mbona asubuhi liwake kila siku? Kopa zilizolika zingegoma hata likiwa baridi.

#14 Jembe_Kazi
Joto. Koili ya solenoidi ikipata moto, ukinzani wake (ugumu wa kupitisha umeme) unapanda, nguvu ya kuvuta inapungua. Stata imekaa ubavuni mwa injini, na ukizima, joto lote linapanda kwake kwa hiyo nusu saa. Asubuhi inavuta kwa nguvu, jioni inavuta kivivu.

#15 Mgeni_wa_Spana
Igonge stata kwa nyundo wakati wa tak. Ikiwaka, ni stata. Kipimo rahisi hicho.

#16 DadaFyuzi
Kugonga kunasaidia kujua, nakubali, ila kwa adabu. Stata nyingi zina sumaku za kudumu ndani, ukizipiga kwa hasira zinapasuka, halafu unakuwa na stata mbovu kweli. Tumia mpini wa mbao, gonga taratibu. Na gia iwe P (ya kuegesha), breki ya mkono juu, mikono mbali na feni na mikanda. Ikiwaka ghafla haitakusubiri uitoe mikono.

Nina swali kwa mleta uzi: umewahi kujaribu kuwasha ukiwa N (gia huru) badala ya P? Langu lilinitesa miezi miwili. Swichi inayoiambia kompyuta kwamba gia iko P ilikuwa imechakaa. Nikiweka N linawaka papo hapo. Nilikuwa nimeshalipia stata ya pili wakati huo.

#17 MzeeBoneti
Binti, hoja yako ni njema, lakini swichi ya gia ikikata, mara nyingi stata haipati amri yoyote, kwa hiyo hata tak nzito husikii. Ajaribu N hata hivyo, haina gharama.

#18 NjiaPanda
Nimejaribu N leo likiwa limegoma: tak ile ile. Na tak ni nzito, inatokea chini, upande wa gia. Mdogo wangu ameweka mkono pale akahisi mtikisiko.

#19 Jembe_Kazi
Nilisema.

#20 Mgeni_wa_Spana
Na zile siku mbili stata ilizunguka injini ikakataa? Kopa zinaelezaje hilo? Mnalikwepa.

#21 Tumbiri_wa_Lami
Swali zuri, na mimi nitashika upande huo. Gari la moto, stata inazungusha vizuri, injini haishiki, likipoa linawaka. Kwangu jina la kwanza ni sensa ya krenki, mhimili mkuu wa injini. Ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka na pistoni ziko wapi. Ikikaa kimya, kompyuta haitoi cheche wala haifungui injekta zinazopulizia mafuta, inaamini injini imesimama. Ndani yake kuna waya mwembamba kama unywele uliozungushwa mara nyingi. Ukiwa na ufa, joto linauachanisha, baridi inaurudisha.

Kipimo cha bure: likigoma kwa namna hiyo, angalia mshale wa mizunguko ya injini wakati stata inazungusha. Kwenye magari mengi mshale unapanda kidogo, 200 au 300. Ukilala sifuri kabisa, sensa hiyo inashukiwa. Si magari yote yanaonyesha, kwa hiyo angalia kwanza asubuhi ujue la kwako hufanyaje.

#22 Mgeni_wa_Spana
Au pampu. Wengi wanaendesha na taa ya mafuta imewaka kila siku. Pampu imekaa ndani ya tangi na inapozwa na mafuta yale yale. Tangi likiwa karibu tupu pampu inajipika. NjiaPanda, sema ukweli, tangi lako huwa na kiasi gani?

#23 NjiaPanda
Mara nyingi chini ya robo, nakiri. Nikifungua swichi bila kupiga stata nasikia mngurumo mdogo nyuma, kama sekunde mbili, kisha unanyamaza.

#24 DadaFyuzi
Hizo sekunde mbili ndizo za kawaida, pampu inajaza presha. Siku likizungusha bila kushika, sikiliza tena. Ukiusikia mngurumo, pampu inapata umeme na inazunguka. Haithibitishi presha inatosha, lakini rilei na fyuzi yake unaziondoa kwenye orodha.

#25 Pwani_Mashine
Mbona hakuna aliyetaja ufunguo? Gari limeuzwa mkononi, ufunguo mmoja, pengine wa kuchonga. Imobilaiza hiyo, kinga ya wizi inayokataa ufunguo isioujua. Abadilishe betri ya rimoti.

#26 Tumbiri_wa_Lami
Imobilaiza inawezekana, betri ya rimoti hapana, kama anageuza ufunguo kwenye swichi. Kile kidude ndani ya ufunguo hakina betri. Kuna pete ya waya imezunguka tundu la ufunguo, inakirushia nguvu kwa mawimbi na chenyewe kinajibu. Betri ya rimoti ni ya kufungua milango tu. Magari ya kubonyeza kitufe ni habari nyingine: rimoti ikifa betri, gari linasema halioni ufunguo, unaigusisha kwenye kitufe ndipo linakubali.

Mwambieni aangalie taa ya ufunguo au kufuli kwenye dashibodi. Ikimeta meta wakati wa kugoma, Pwani_Mashine ana hoja.

#27 NjiaPanda
Nilipewa ufunguo mmoja tu. Aliyeniuzia alisema wa pili ulipotea. Taa ya kufuli sijawahi kuiangalia wakati wa tatizo, akili inakuwa imeruka.

#28 Karani_wa_Gereji
Natoka kidogo nje ya mada kwa faida ya wanaonunua. Ukienda kukagua gari lililotumika, sema mapema usilikute limeshawashwa. Weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, kuna kitu hutakiwi kukiona, subiri lipoe au rudi kesho. Kisha liendeshe nusu saa, lizime, kaa nalo dakika ishirini, liwashe. Mleta uzi angefanya hivyo angeyaona haya yote siku ile ile.

Na kilometa usizisome kwenye dashibodi peke yake. Angalia mpira wa pedali ya breki na usukani ulivyong'aa. Kilometa 60,000 na pedali imelika mpaka chuma haviendani.

#29 NjiaPanda
Pedali yangu imelika kona ya kulia. Usukani unang'aa juu. Dah.

#30 MzeeBoneti
Usivunjike moyo, kijana. Gari lenye kilometa nyingi lililotunzwa ni bora kuliko lenye chache lililotelekezwa. Sisi tulianza na magari ya kuzungusha kwa mkono, hendeli mbele. Injini ikirudisha teke, mkono unavunjika. Stata ya umeme ilianza kuja kama kifaa cha kawaida kwenye Cadillac za mwaka 1912, kazi ya Charles Kettering, na kabla ya hapo kuwasha gari kulihitaji misuli na ujasiri. Kwa hiyo hata tak hiyo moja ni maendeleo makubwa.

#31 Kobe_Barabarani
Mzee, sasa gari likigoma tulisukume tu kama zamani?

#32 MzeeBoneti
La gia za mkono, sawa. La otomatiki usijaribu. Injini ikiwa imezima, gia haina presha ya mafuta ya kuunganisha magurudumu na injini. Utasukuma mpaka jasho likuishe.

#33 NjiaPanda
Wakuu, kuna jambo jipya, naomba mkae vizuri.

Leo nilikuwa nimelala chali chini ya usukani natafuta sanduku la fyuzi. Nimekutana na fungu la nyaya limefungwa tepu nyeusi. Tepu imeyeyuka kwa umri, gundi imetoka nje inanata kwenye vidole kama asali. Nimeifungua taratibu. Ndani kuna waya mmoja mnene kiasi, mweusi wenye mstari mweupe, umekatwa kisha ukaunganishwa kwa kusokotwa tu. Hakuna lehemu, hakuna kiunganishi. Shaba imegeuka kijani, na plastiki ya pembeni imeiva, imekuwa ya kahawia. Karibu yake kuna nyaya mbili nyembamba zimekatwa na kuachwa zinaning'inia, haziendi popote. Na kwenye plastiki ya chini ya usukani kuna tundu dogo la duara, tupu.

#34 Pwani_Mashine
Hapo palikuwa na alamu ya kufunga mtaani, au swichi ya siri ya kuzuia wizi. Hilo tundu ni la kitaa cha kumeta. Mwenye gari wa zamani aliing'oa kabla ya kuuza, akaunganisha waya kwa mkono. Alamu hizo hukata waya wa stata, nyingine hukata wa pampu ya mafuta, nyingine zote mbili. Hapo umepata magonjwa yako yote mawili kwa mkupuo. Nilisema ni mambo ya ulinzi.

#35 Tumbiri_wa_Lami
Ulisema betri ya rimoti, mkuu. Ila hili nakuachia, lina mantiki.

#36 MzeeBoneti
Huo ni ushahidi mzito. Plastiki ikiwa kahawia, hapo palikuwa panachemka, na joto kwenye kiungio ni umeme unaopotea. Ikiwa huo ndio waya wa amri ya stata, solenoidi inapokea labda volti 8 au 9 badala ya 12. Inavuta, inagonga, lakini haibani sawasawa. Mtu wa kopa na mtu wa nyaya wote mnaweza kuwa na haki hapa. Kopa zilizolika nusu zikipewa volti kamili zinagusa, zikipewa volti pungufu zinagoma.

Kata sehemu iliyooza, unga kwa lehemu, funika vizuri. Chomoa betri kwanza.

#37 NjiaPanda
Nimekata, nimelehemu. Nitaleta mrejesho.

#38 NjiaPanda
Mrejesho. Siku nne mfululizo, natembea, nazima nusu saa, nawasha. Mara kumi na moja nimehesabu, halijasema tak hata moja. Nilikuwa nimeshaanza kuandika shukrani.

Leo siku ya tano: stata inazungusha safi, injini haishiki. Nikakumbuka kuangalia. Taa ya kufuli imezimika kama kawaida. Mngurumo wa pampu upo. Mshale wa mizunguko umelala sifuri, na asubuhi huwa unapanda kidogo. Baada ya dakika arobaini likawaka, na safari hii taa ya injini imebaki imewaka. Rafiki mwenye kile kidude cha kusoma kodi (namba za hitilafu za kompyuta ya gari) amechomeka: P0335.

#39 Tumbiri_wa_Lami
P0335 ni sakiti ya sensa ya krenki. Mshale sifuri, moto, inapoa inarudi. Sina la kuongeza, badilisha sensa.

#40 Jembe_Kazi
Na tak ilikuwa waya. Kwa hiyo magonjwa mawili, kama mzee alivyosema mwanzo.

#41 DadaFyuzi
Polepole. Kodi imesema sakiti, haijasema sensa imekufa. Sakiti ni sensa, plagi yake ya kuchomekea, nyaya zake mpaka kwenye kompyuta, na mahali zinapopata eathi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Nimeona plagi ya sensa hiyo imejaa oili iliyovuja kutoka juu, watu wamebadilisha sensa tatu. Chomoa, angalia pini, nusa kama kuna oili, pima ukinzani wa sensa ikiwa baridi na ikiwa ya moto. Ikiwa ya moto na mita inaonyesha imekatika, hapo kweli inunue.

#42 Temino_Safi
Na mimi nirudi kwenye waya wangu, mtanisamehe. Ule wa bodi kwenda injini umeuona? Nimeuliza namba 2 mpaka leo hakuna jibu. Eathi ya injini ikiwa mbovu, stata inalegea na sensa zinaongopa. Weka mita, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu apige stata. Ikizidi volti 0.2 kuna kitu.

#43 Kobe_Barabarani
Temino_Safi hata mtu akiumwa kichwa atamwambia akaze temino.

#44 Temino_Safi
Akaze kwanza, kisha ameze dawa.

#45 NjiaPanda
Nimeupata, kaka. Uko chini ya sanduku la chujio la hewa, ni waya wa kusuka, umechakaa, nusu ya nyuzi zimekatika na bolti ina kutu. Nimepima injini ikiwa ya moto: 0.6.

Na kwenye plagi ya sensa kuna oili kidogo, si nyingi. Ukinzani sijapima, mita imekwisha betri.

Jana likagoma tena kwa kuzungusha. Nikamwagia sensa maji ya baridi kwa chupa, na wakati huo huo nikafunga waya wa kujampu (wa kuazimana umeme wa betri) kati ya hasi ya betri na injini. Dakika mbili, likawaka.

#46 Tumbiri_wa_Lami
Maji yameipoza sensa. Imethibitika.

#47 Temino_Safi
Waya wa kujampu ndio uliorudisha eathi. Imethibitika.

#48 MzeeBoneti
Kijana, umefanya mawili kwa mkupuo, sasa kila mtu anachukua lake. Rudia, kimoja kimoja. Anza na eathi maana ule waya ni mbovu kwa vyovyote, hata kama si wenyewe wenye kosa. Sensa usiiguse, usiimwagie maji, oili iache kama ilivyo.

#49 Mgeni_wa_Spana
Na ajaze tangi. Presha ya mafuta bado hajapima hata mara moja.

#50 NjiaPanda
Sawa mzee. Leo nimefunga waya mpya wa eathi peke yake, nimekwangua bodi mpaka chuma cheupe. Mita sasa inasoma 0.1. Sensa sijaigusa. Nimeliendesha dakika arobaini, nimelizima, nimekaa ndani nusu saa na madirisha yamefungwa ili joto libaki.

Limewaka, na mshale umepanda. Lakini hata zile siku nne za waya wa lehemu liliwaka. Nazima tena, nahesabu upya kuanzia moja.